NENO "REFUGEE" LILITOKA WAPI, NA LINATUITAJE



Kamati ya Jamii imeniomba niandike kitu cha historia kwa ajili ya toleo hili la kuadhimisha tarehe 20 Juni. Nilipouliza historia ya nini, nilijibiwa: "Mwalimu, chagua mwenyewe, mradi isiwe siasa." Basi nimechagua neno moja. Neno hilo limo katika karatasi za kila kaya hapa kambini, na wengi wetu tuliosomeshwa kwa Kirundi na Kifaransa tulilikuta kwa Kiingereza siku ile ya kuandikishwa. Neno lenyewe ni "refugee". Karani alilisoma, mkalimani akasema "mkimbizi", nasi Warundi tukasikia "impunzi". Maneno matatu kwa mtu mmoja, tena hayana maana moja kabisa, kama nitakavyoonyesha.

Naandika kwa Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha inayotuunganisha hapa, sisi Warundi, ndugu zetu Wakongo na wenyeji wetu Watanzania. Mimi ni mtu wa Muhuta, kwenye barabara ile iendayo Rumonge na Nyanza-Lac, milima nyuma na ziwa mbele. Kiswahili cha pwani yetu ni kile kilichoshuka kutoka Ujiji pamoja na wafanyabiashara wa karne ya 19, kikakaa kwa wavuvi na wachuuzi wa mawese. Kwa hiyo mtu wa Kigoma asinicheke nikiteleza.

Kwanza tarehe yenyewe. Tarehe 10 Septemba 1969 nchi za Umoja wa Nchi Huru za Afrika, OAU, zilipitisha mjini Addis Ababa mkataba wao kuhusu wakimbizi. Mkataba huo ulianza kufanya kazi tarehe 20 Juni 1974. Afrika ikawa na siku yake ya wakimbizi, na Umoja wa Mataifa ulipotafuta siku ya dunia nzima, uliichukua hiyo ya Afrika. Azimio lilipitishwa Desemba 2000, na dunia iliadhimisha kwa mara ya kwanza mwaka 2001. Kwa maneno mengine siku hii hatukuipokea kutoka Ulaya pamoja na unga na mafuta. Ni Ulaya iliyoipokea kwetu.

Lakini neno lilitoka Ulaya, na hata huko halikuwa la Waingereza.

Mwaka 1598 Mfalme Henri wa Nne wa Ufaransa alitoa amri katika mji wa Nantes, akiwaruhusu Waprotestanti wa nchi yake kusali kwa namna yao. Walikuwa wachache kati ya Wakatoliki wengi, nao waliitwa Wahugenoti. Mjukuu wake, Louis wa Kumi na Nne, aliifuta amri ile mwezi Oktoba 1685. Makanisa yao yakabomolewa, wachungaji wakaamriwa kuondoka nchini, na waumini wa kawaida wakakatazwa kuondoka. Hebu angalieni jambo hilo: mchungaji akibaki ana kosa, na muumini akiondoka ana kosa. Mwanamume aliyekamatwa mpakani aliweza kupelekwa kupiga makasia katika merikebu za mfalme. Hata hivyo inakadiriwa kwamba watu 200,000 hivi walitoroka, wengine kwa miguu hadi Uswisi na nchi za Wajerumani, wengine kwa mashua za usiku hadi Uholanzi na Uingereza. Waliofika Uingereza wanakadiriwa kuwa 50,000. Wengi walikuwa mafundi, hasa wafumaji wa hariri, na mtaa wa Spitalfields wa London ulijaa vitanda vyao vya kufumia.

Kwa Kifaransa watu hawa waliitwa "réfugiés". Waingereza hawakuwa na neno lao, wakalichukua hilo hilo, wakaliandika kwa namna yao, na hivyo ndivyo "refugee" ilivyoenea katika Kiingereza mwishoni mwa karne ya 17. Kwa muda mrefu halikuwa neno la kila aliyekimbia. Lilikuwa karibu kama jina la kabila: ukisema "refugee" London, msikilizaji anaelewa Mfaransa Mprotestanti. Ni baadaye, katika karne ya 18, ambapo lilianza kutumika kwa watu wengine waliofukuzwa na vita au watawala.

Sasa tulifungue neno lenyewe, maana mimi ni mwalimu wa lugha na hapa ndipo ninapofurahi. Mzizi wake ni wa Kilatini, "fugere", kukimbia. Mbele yake kuna "re", yaani nyuma au tena. Pakazaliwa "refugium", ambayo si kitendo cha kukimbia bali ni mahali: pale mtu anaporudi nyuma kujisalimisha. Kiswahili kinalo neno hilo tayari, nalo ni kimbilio. Mwisho wa neno nao una jambo lake. Wanafunzi wangu wa Kiingereza wanajua kwamba "employer" ni mwajiri na "employee" ni mwajiriwa, yaani ile "ee" ya mwisho humwonyesha mtu aliyetendewa. Wanasheria wa Kiingereza waliirithi kutoka Kifaransa cha mahakama za zamani na wanaipenda sana. Mwanafunzi mmoja mwerevu aliniuliza kama basi "refugee" ni "mkimbiwa". Hapana. "Réfugié" kwa Kifaransa ni mtu aliyekwisha kukitenda kitendo cha kujisalimisha. Amefika. Yuko ndani ya kimbilio.

Angalieni basi tofauti. Mfaransa na Mwingereza wanamwita mtu kwa jina la mahali alipofika. Sisi tunamwita kwa miguu yake. Mkimbizi limetoka kwenye kukimbia kama vile mwokozi lilivyotoka kwenye kuokoa, mjuzi kwenye kujua, mtetezi kwenye kutetea. Mkimbizi ni mwenye kukimbia, na hakuna kitu katika neno hilo kinachosema kwamba amesimama. Impunzi ya Kirundi ni hivyo hivyo, kutoka guhunga. Mtoto aliyezaliwa hapa kambini, ambaye hajawahi kukimbia popote isipokuwa uwanjani, naye ni mkimbizi. Kama wazee wetu wa lugha wangemwita mtu kwa neno kukimbilia, pengine tungeitwa kwa jina lingine.

Nadhani ndiyo sababu neno hili linawauma watu. Nimesikia vijana wakitaniana kwalo uwanjani kama tusi, na nimesikia mzee akikataa kuitwa hivyo kwa sababu mwanamume hakimbii. Katika Kiingereza aibu hiyo imetengwa kwa neno jingine, "fugitive", ambalo limetoka tumbo moja na "refugee", lakini ni la mtu anayetafutwa na sheria, aliyevunja jela au aliyeua. Sheria ya kimataifa imechonga mstari kati ya ndugu hawa wawili: Mkataba wa 1951, kifungu cha kwanza, unamnyima hifadhi mtu aliyetenda kosa kubwa la jinai lisilo la kisiasa kabla hajaingia nchi aliyokimbilia. Kiswahili cha kila siku hakina mstari huo imara, ila kina neno la tatu lenye historia nzito, yaani mtoro.

Kule pwani ya bahari, watoro walikuwa watumwa waliowakimbia mabwana zao. Katika karne ya 19 walijikusanya bara, na wengine wakajibanza katika misheni ya Rabai karibu na Mombasa. Mabwana wao walipozidi kudai warudishwe, George Mackenzie wa Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki aliwalipa fidia, na tarehe 1 Januari 1889 watu karibu 1,400 walipewa hati za uhuru pale Rabai. Fikirini juu ya watu hao. Walikuwa na kila sababu ya kukimbia, walikuwa wamefika kimbilioni, lakini kwa sheria ya siku zile walikuwa mali iliyopotea, na ndiyo maana walinunuliwa badala ya kupokelewa. Leo neno mtoro tunamwachia mwanafunzi asiyekuja shuleni, nami ninao kadhaa.

Kwa wale wanaodhani neno mkimbizi liliumbwa kwa ajili ya Mwafrika, nitaje jambo ambalo Watanzania wengi wenyewe hawalijui. Katika vita vya pili vya dunia, kuanzia mwaka 1942, Wapolandi kati ya 18,000 na 19,000 waliletwa Afrika Mashariki, wengi wao wanawake na watoto, baada ya kuhamishwa kwa nguvu na Warusi hadi Siberia na kisha kupitia Uajemi. Kambi kubwa katika Tanganyika ilikuwa Tengeru, karibu na Arusha, yenye watu wapatao 5,000. Nyingine zilikuwa Ifunda, Kidugala na Kondoa, na kule Uganda zilikuwepo Masindi na Koja. Walikuwa na shule, kanisa, mgao na kamati. Makaburi yao yapo Tengeru.

Nirudi kwenye ziwa letu. Samaki tunayemwita mukeke sisi wa Muhuta na Rumonge, akivuliwa upande wa Kigoma anaitwa mgebuka. Ni yule yule. Watu nao walivuka wakabadilishwa majina.

Tarehe 29 Aprili 1972 waasi walishambulia Rumonge, Nyanza-Lac na sehemu nyingine za pwani ya kusini, wakaua watu wengi, Watutsi hasa. Serikali ya wakati ule ikajibu kwa mauaji yaliyoenea nchi nzima kwa miezi, hasa dhidi ya Wahutu, na idadi ya waliokufa inakadiriwa kati ya 100,000 na 300,000. Nimeahidi kwamba sitaandika siasa, basi naishia hapo, ila bila mwaka huo historia ya neno letu haisomeki. Zaidi ya watu 150,000 waliondoka nchini, na wengi wao walikuja Tanzania. Waliwekwa katika makazi ya Ulyankulu, Katumba, na baadaye Mishamo, lililofunguliwa mwaka 1978. Yaliitwa makazi, hayakuitwa kambi, kwa sababu kila familia ilipewa shamba. Lakini sheria iliyowahusu ilikuwa ile ya 1965, ya kudhibiti wakimbizi, na neno "kudhibiti" lilikuwemo katika jina la sheria yenyewe. Lilitoka tu sheria mpya ilipotungwa mwaka 1998.

Hapa nataka kumtaja msomi mmoja, Liisa Malkki, ambaye katikati ya miaka ya 1980 alikaa Mishamo, kisha akakaa na Warundi waliokuwa wakiishi mjini Kigoma. Kitabu chake kilitoka mwaka 1995. Aligundua jambo ambalo mtu asingelitegemea. Kule Mishamo watu walilivaa neno mkimbizi kwa heshima. Kwao lilisema: sisi hatujahama, tuko safarini, tuna nchi yetu na tutairudia. Mjini Kigoma Warundi wale wale, waliokimbia mwaka ule ule, hawakutaka kabisa kuitwa hivyo. Walioa na kuolewa na wenyeji, wakafanya biashara sokoni, wakasema ni Waha au ni watu wa ziwa tu. Neno moja, watu wa asili moja, tena katika magharibi ile ile ya Tanzania, na kila upande ukalisikia kwa sikio lake. Mimi sioni nani alikosea kati yao.

Mwaka 2007 wakimbizi wa makazi yale waliulizwa kama wanataka kurudi au kuomba uraia. Wanne katika kila watano walichagua uraia, na takribani 162,000 walikubaliwa. Hati zenyewe zilichelewa sana, zikaanza kugawiwa mwaka 2014. Katika miaka hiyo ya katikati walikuwa wameacha uraia wa Burundi na bado hawajashika cheti cha Tanzania. Sijui Kiingereza kina neno gani zuri kwa hali hiyo; Kiswahili cha mitaani kinasema kuning'inia.

Sisi wa 2015 tulifuata njia yao. Mwezi Mei mwaka ule ufuko wa Kagunga, kijiji kidogo kilichobanwa kati ya mlima na maji, ulijaa makumi ya maelfu ya watu. Kipindupindu kikaingia. Meli ya Liemba, iliyoundwa Ujerumani mwaka 1913, ikazamishwa na Wajerumani wenyewe katika vita na kuinuliwa tena, ilitubeba kutoka pale hadi Kigoma. Inashangaza kidogo kuokolewa na chombo cha zamani kuliko babu yako.

Sasa nifike mahali ambapo maneno haya si mchezo wa walimu.

Mkataba wa Geneva ulipitishwa tarehe 28 Julai 1951. Mwanzoni ulihusu tu waliokimbia kwa mambo yaliyotokea kabla ya tarehe 1 Januari 1951, na serikali iliweza kuubana uhusu Ulaya peke yake. Itifaki ya 1967 ndiyo iliyoondoa mpaka huo wa tarehe. Burundi iliingia katika mkataba mwaka 1963 na Tanzania mwaka 1964. Kwa mujibu wake, mkimbizi ni mtu aliye nje ya nchi yake kwa hofu yenye msingi ya kutendewa jambo ambalo Kiingereza kinaliita "persecution", kwa sababu ya asili yake, dini yake, utaifa wake, kundi lake la kijamii au mawazo yake ya kisiasa. Mkataba wa OAU wa 1969 ulipanua mlango: uliongeza anayekimbia uvamizi, utawala wa kigeni, au machafuko makubwa ya amani ya umma katika sehemu au nchi yake yote. Kwa mkataba wa Afrika yatosha kwamba mji wako umewaka. Ndiyo sababu mwaka 2015 Warundi tulipokelewa kwa pamoja, bila kila mmoja kutoa ushahidi wake. Utaratibu huo wa pamoja ulisimamishwa Januari 2017. Tangu hapo aliyefika alihitaji kueleza habari yake mwenyewe, mtu mmoja mmoja, mbele ya meza. Hapo ndipo tafsiri inapoweza kumwokoa mtu au kumwangusha.

Chukueni hilo "persecution". Wakalimani wengi husema "mateso", na swali linakuwa: "Je, uliteswa?" Niliwahi kumsindikiza mama mmoja kwenye mahojiano ya namna hiyo. Akaulizwa kama aliteswa. Akajibu hapana, na alisema kweli, kwa kuwa kwetu kuteswa ni kufungwa kamba na kupigwa, na yeye hakuna aliyemgusa. Kilichompata ni kwamba watu walikuja nyumbani kwake usiku mara ya kwanza wakimuuliza mumewe, mara ya pili wakimuuliza yeye, mara ya tatu wakamkuta kwa dada yake tarafa nyingine, na alipohamia mjini akaona sura ile ile mlangoni. Jibu lake liliandikwa "hapana". Ilibidi swali liulizwe upya kwa Kirundi ili habari yote itoke.

Sasa tazameni neno lenyewe linasema nini. "Persecution" ni la Kilatini, "persequi". "Sequi" ni kufuata. "Per" ni hadi mwisho, bila kuacha. Maana yake ya asili ni kumfuata mtu mpaka umpate, kama mwindaji. Hakuna kipigo ndani ya neno hilo, kuna nyayo. Lina ndugu yake katika Kiingereza, "prosecution", kutoka "prosequi", ambalo ni kushtaki mahakamani, kumfuata mtu kwa njia ya sheria. Wanafunzi wa Kiingereza huyachanganya, na si ajabu, kwa sababu serikali nazo huyachanganya: yako mashtaka ambayo kazi yake ni kumfuatafuata mtu tu. Kirundi kinafanana kabisa na Kilatini hapa. Gukurikirana ni kufuata, na mtu anayeshtakiwa tunasema arakurikiranwa n'ubutungane, anafuatwa na sheria.

Kiswahili kinalo neno, tena zuri kuliko mateso. Kuandama. Mwezi ukiandama, unafuata ule uliokwisha. Watu wakiandamana, wanafuatana njiani. Na mtu akisema "jamaa hawa wananiandama", kila Mswahili kutoka Lamu hadi Kalemie anaelewa kwamba hawajampiga bado lakini hawamwachi. Kuandamwa ndiyo "persecution" yenyewe, mfupa kwa mfupa. Swali "Je, kuna waliokuandama?" lingemfungulia mama yule mdomo mara moja. Wafasiri wa Biblia nao walihangaika na neno hili. Katika tafsiri ya Muungano ya 1952 walitumia kuudhi, ambalo leo kijana akilisikia anadhani mtu alisumbuliwa kwa kelele za redio.

"Fear" nalo lina kisa. Tunalifasiri kuwa hofu, na wakalimani wengine husema woga. Woga si neno la kumuuliza mvuvi wa Rumonge. Mwanamume aliyezoea ziwa la usiku wakati upepo wa kusini unavuma, ukimuuliza "unaogopa nini?", atakujibu "siogopi kitu", na karani ataandika hivyo hivyo. Lakini katika Kiingereza cha kale, zaidi ya miaka elfu moja iliyopita, neno lile halikuwa jina la hisia ya moyoni. Lilikuwa jina la hatari yenyewe, balaa la ghafla. Limehamia ndani ya moyo polepole. Mkataba unaposema hofu yenye msingi, ule msingi ndiyo balaa lililoko nje. Ukimuuliza mvuvi "ni hatari gani inakungoja?", atakueleza hadi jua litue.

Nawaomba wakalimani wetu, ambao wengi ni wanafunzi wangu wa zamani, walishike hili. Na maofisa wanaosoma jarida hili wasione kwamba mtu anabadilisha maelezo pale anaposema hapana kwa neno moja na ndiyo kwa neno jingine.

Maneno mengine nitayapita haraka. "Asylum" ni la Kigiriki: "a" ni bila, na "syle" ni haki ya kumkamata mtu au kutwaa mali yake. Basi ni mahali ambapo hakuna mwenye haki ya kukukamata, kama mahekalu yao ya kale. Sisi tunasema hifadhi, kutoka Kiarabu, yaani utunzaji. Ni neno jema, ila hapa mkoani Kigoma limekwisha kupewa pia nyani wa Gombe na Mahale, na watoto wanaona kwamba sisi na sokwe tuko chini ya wizara moja.

"Refouler" ni la Kifaransa, na hata maandishi ya Kiingereza ya Mkataba wa 1951, kifungu cha 33, yameliacha kwa Kifaransa ndani ya alama, kana kwamba Mwingereza alikiri kwamba hana lake. "Fouler" ni kukanyaga au kushindilia kwa miguu, kama wanavyokanyaga zabibu, na "refouler" ni kusukuma nyuma. Kifungu kinakataza kumsukuma mkimbizi hadi mpaka wa nchi ambako maisha yake au uhuru wake uko hatarini. Kwetu husemwa kurudishwa kwa nguvu.

Na kuna "sinistré". Mkataba wa Arusha wa tarehe 28 Agosti 2000, ulioleta amani ya Burundi, katika Itifaki yake ya Nne unatumia neno hilo kwa wote waliohamishwa, waliokusanywa makambini, waliotawanyika na waliorudi kutoka nje. Maandishi ya Kiingereza yameliacha vile vile. Mzizi wake ni "sinister", mkono wa kushoto wa Kilatini. Walioamini kwamba ndege akiruka kushoto ni mkosi ndio waliotuachia neno hilo, hadi likafika Arusha kwenye mapatano ya Warundi.

Itifaki hiyo ilisema waliorudi warudishiwe mali zao, hasa ardhi, na kwa pwani yetu hilo lilikuwa jambo zito kuliko yote. Ardhi ya tambarare ya Rumonge ni ya michikichi, ina thamani. Waliokimbia 1972 waliacha itongo, shamba la baba na babu. Wengine waliwekwa humo, baadhi na serikali yenyewe kwa hati, na miradi ya michikichi ikachukua sehemu. Sheria ya Ardhi ya 1986 ilisema kwamba aliyekaa kwenye ardhi miaka 30 bila kupingwa anaweza kuidai kuwa yake, na miaka 15 yatosha kama aliingia kwa nia njema. Jumlisheni wenyewe: 1972 na 30 ni 2002, na wakati huo wengi wa wenye itongo walikuwa bado Katumba na Mishamo. Mtu aliye nje ya nchi atapinga vipi? Mwaka 2006 ikaundwa tume ya ardhi na mali nyingine, CNTB, ambayo mwanzoni ilipatanisha watu wagawane shamba nusu kwa nusu, na baadaye ikaelekea kumrudishia mwenye asili shamba zima. Mwaka 2014 ikaongezwa mahakama maalumu. Kila njia iliacha mtu analia, maana aliyetolewa naye alikuwa na watoto waliozaliwa pale na makaburi pale. Nimewaona wa aina zote mbili Rumonge, wakinunua ndagala kwenye meza moja.

Waliorudi Kirundi kinawaita abahungutse. Hili ndilo neno ninalolipenda kuliko yote katika orodha yangu. Guhunga ni kukimbia, na guhunguka ni kinyume chake, kama vile Kiswahili kinavyogeuza kufunga kuwa kufunguka, na kukunja kuwa kukunjuka. Si kurudi tu. Ni kukifungua kile kitendo cha kukimbia, uzi hadi mwisho. Kiingereza na Kifaransa vinatumia "repatriate" na "rapatrier", nchi ya baba, na mtu anakuwa kifurushi kinachorejeshwa kwa mwenyewe. Kiswahili kinasema kurejea au kurudi nyumbani, kama mtu aliyekwenda sokoni.

Nililipa darasa la sita zoezi hilo: tafuta neno moja la Kiswahili lenye maana ya guhunguka. Wengi waliandika kurudi. Wawili waliandika kuhamia. Msichana mmoja, aliyezaliwa hapa, alifuata kanuni ya sarufi niliyowafundisha akaandika "kukimbuka". Nimempa alama zote, na pembeni nimeandika kwa wino mwekundu kwamba neno hilo bado halimo katika kamusi.